Filta ya pipa: vitu sikuwaambia kwenye video

Kama uliihifadhi ile video yangu ya filta ya pipa, soma hii kabla hujaenda kununua pampu. Niliiposti siku ya tatu. Siku ya kumi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nimechutama kando ya bwawa hapa Ndithini natoa samaki waliokufa na kuwahesabu kwenye beseni. Thelathini na mmoja. Hiyo sehemu sikuirekodi.

Bwawa lenyewe ni dogo, liko nyuma ya jiko la susu. Mita tatu kwa mbili, kina sentimita 80, ndani tumetandaza karatasi nzito ya plastiki. Piga hesabu: ni kama lita 4,800, yaani mitungi 240 ya lita 20. Kiangazi kikishika, mtungi ukiletwa na punda ni shilingi 20. Kwa hivyo kujaza tu ni 4,800, na hapo hujanunua samaki hata mmoja. Wale wanaokwambia ubadilishe nusu ya maji kila wiki wako na mfereji nyumbani. Sisi tunaishi karibu na Masinga, bwawa kubwa kuliko yote kwenye mto Tana, na bado tunanunua maji kwa mtungi. Hiyo nitaiandikia siku yake.

Ndio maana niliona filta ni lazima, na sitaki mtu aseme filta ilikuwa mbaya. Iko poa mpaka leo. Pipa la plastiki la lita 100, limekaa juu ya mawe kando ya bwawa. Pampu ndogo inasukuma maji yanaingia chini ya pipa, yanapanda polepole, yanatokea juu kwa bomba na kuanguka tena bwawani. Chini kabisa kuna koki ya kutolea matope. Juu ya hapo kokoto, halafu sponji niliyokata kwa godoro la zamani, halafu vifuniko vya chupa za soda, mamia, nimevifunga kwa neti za vitunguu. Vifuniko niliokota sokoni wiki mbili nzima, watu wakaanza kuniangalia vibaya. Pampu 2,200, pipa 1,000, bomba na viungo 650. Chini ya 4,000, vile niliwaambia. Hapo sikudanganya.

Nilidanganya kwa maji. Tulikuwa tumejaza bwawa na maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa. Kufika siku ya tatu, matope mengi yalikuwa yametulia ndani ya pipa na sponji imeshika mengine, ukaweza kuona mpaka sakafu ya bwawa. Nikachukua simu, nikasema "filta inafanya kazi, wasee," nikaposti. Kile sikuwa najua ni kwamba kuondoa matope ni kazi ndogo sana ya filta. Samaki wanatoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki na mavi yao vikioza vinaongeza nyingine. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kuwa safi kama ya kunywa na bado yanawachoma samaki ndani.

Kitu kinachoondoa hiyo amonia si kokoto wala sponji. Ni bakteria. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu kundi lingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia vizuri na sukuma wiki inaipenda. Hao bakteria wanajishikiza juu ya vitu, ndio maana ya vifuniko vyote vile: vinawapa mahali pengi pa kukaa. Lakini hawahamii siku moja. Inaweza kuchukua wiki nne mpaka sita, na kukiwa baridi wanachelewa zaidi. Mimi niliwasha pampu na kuweka samaki siku moja, tena Julai. Nilikuwa nimejenga ploti nzima, mpangaji hakuna.

Siku ya tisa samaki wakaanza kuja juu kuhema. Nikafikiri filta imeziba. Nikatoa kila kitu, nikaosha sponji na vifuniko vikang'aa, nikavianika juani mpaka jioni. Kama kulikuwa na bakteria wachache walioanza kushika, niliwaua wote kwa mikono yangu. Kesho yake ndio ile beseni.

Nilimpigia afisa wa uvuvi. Hakuuliza chochote kuhusu pipa. Aliuliza: samaki ni wangapi, unawalisha mara ngapi, ulianza lini. Nikamwambia vifaranga 90 vya tilapia, mara tatu kwa siku, wiki jana. Akanyamaza kidogo, akaniambia niache kuwalisha kabisa na nibadilishe theluthi ya maji leo leo.

Theluthi ni mitungi 80. Sikuwa na hiyo pesa, na punda wa jirani alikuwa ameenda mbali. Maji ya karibu yalikuwa kwenye tangi la susu, ya mvua, ambayo anayawekea mpaka Novemba. Sikujua nitamwambiaje. Yeye hata samaki hali. Alikuja akasimama kando ya bwawa, akaangalia, akauliza, "Mjukuu wangu, uliweka wangapi hapa ndani?" Nikasema tisini. Akasema, "Hapa?" Halafu akaenda akafungua tangi mwenyewe.

Lita 1,600 zilienda hivyo. Samaki 12 wengine walikufa siku mbili zilizofuata, wakabaki 47.

Sasa, hii ndio inaniuma. Wazazi wenu wanaukumbuka mpango wa serikali wa 2009 wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Kila bwawa mita za mraba 300, vifaranga 1,000. Mengi yalikauka na tunayacheka mpaka leo. Lakini gawanya: ni samaki watatu na kitu kwa mita moja ya mraba, bila pampu, bila filta. Mimi niliweka 15. Kwa bwawa langu hesabu yao ingenipa kama 18 au 20, na pengine nisingehitaji pipa. Filta ilinipa kiburi cha kujaza samaki, na hakuna mahali kwenye video nilitaja idadi.

Jamaa mmoja wa Matuu, yuko kidato cha tatu, aliniandikia. Alifuata kila hatua, pesa ni za mamake. Wake walikufa wote siku ya nane. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Niliharibu wapi?" Nilikaa na huo ujumbe siku mbili kabla ya kumjibu kwamba hakuharibu popote, alifanya vile nilisema.

Nilichomtumia ndicho nawapa nyinyi. Washa pampu wiki kadhaa kabla, weka samaki wanne au watano tu, walishe kidogo sana. Ukipata konzi ya kokoto kutoka kwa bwawa la mtu ambalo samaki wake wako sawa, itie ndani, bakteria watakuja nayo. Sponji isuuze kwa maji ya bwawa lenyewe, nusu leo, nusu wiki ijayo, usitumie maji ya mfereji yenye klorini. Pampu isizimwe usiku. Yangu ni ya wati 25, inakula kama uniti 0.6 kwa siku, na stima ikipotea masaa mengi hao bakteria wanaanza kukosa hewa. Makaa wacha, yale ya jikoni hayatakuokoa na amonia.

Samaki 27 nilimpa jirani aliye na bwawa kubwa la udongo. Mimi niko na 20. Jamaa wa Matuu yuko wiki ya tatu, pampu inazunguka, samaki wanne. Ile video bado iko, nimeandika juu yake "hii ni siku ya tatu, usiamini maji." Tangi la susu liko chini ya nusu na tuko Agosti. Nimeshamwambia gata nitasafisha mimi kabla ya mvua, na hiyo mitungi 80 nailipa kidogo kidogo. Leo nimeleta minne.