Mtu wa Kindu na kilio cha mtoto

Siku ya posho iliyopita tulikutana kwa likelemba nyumbani kwa mwenzetu mmoja, huku Nguba. Katika daftari ya mwekahazina kila mmoja ameandikwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama fulani, Mama fulani. Mimi peke yangu nimeandikwa “Madame”. Niko katika ndoa mwaka wa 9, na darasani nina watoto 54, lakini hakuna hata mmoja anayerudi nami nyumbani.

Tulipokuwa tunangoja waliochelewa, kijana wa nyumba alifungua bafle yake akapiga wimbo wa zamani. Mmoja wetu akasema, “Hii ni musiki ya baba zetu.” Wengine wakacheka. Mimi niliweka pesa chini nikasikiliza, kwa sababu nilitambua ile sauti. Baba yangu alikuwa na kaseti yake. Ilikuwa Remmy Ongala na Super Matimila, na wimbo wenyewe ni “Nalilia Mwana”.

Wengi wanadhani Remmy ni mzaliwa wa Tanzania. Alizaliwa Kindu, mwaka 1947. Zamani hizo Kindu ilikuwa ndani ya jimbo la Kivu, na makao makuu ya jimbo yalikuwa hapa kwetu Bukavu. Maniema ilitengwa nasi mwaka 1988 tu. Basi ni wa nyumbani. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alifiwa na watoto kabla ya kumpata yeye, na kwamba zile nywele ndefu hakukatwa kwa sababu ya maagizo ya mganga aliyemwangalia mama huyo. Mimi sisemi tuwafuate waganga. Ninasema tu kwamba alitoka katika tumbo la mwanamke aliyelia.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam, kwa mjomba wake Mzee Makassy aliyekuwa na orkestra. Makassy walipohamia Nairobi yeye alibaki, akaingia Matimila. Gitaa za umeme, besi, ngoma, saksofoni. Wakapiga usiku kwa usiku katika mabaa, mbele ya watu wanaocheza na kunywa, mpaka watu wakamwita Dokta. Nyimbo zake zilihusu maskini, kifo, mapenzi. Huko Sinza, mtaa wa Dar es Salaam, kuna mahali magari husimama panapoitwa kwa Remmy mpaka leo.

Sasa kuhusu kaseti. Tanzania ya wakati ule bendi ilikuwa na karibu mlango mmoja tu wa kurekodia, yaani redio ya serikali. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga pamoja kama inavyopiga baa, na mitambo ikanasa kila kitu kwa mara moja. Mwimbaji hakuja leo, mpiga gitaa kesho. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya, au kosa linabaki. Ndiyo maana katika rekodi hizo unasikia watu wakisikilizana. Mwimbaji anapovuta pumzi, gitaa linamjibu. Halafu wimbo unageuka, unakuwa mwepesi, kile sisi tunaita sebene, na hakuna anayeharakisha kuumaliza.

Rafiki yake mmoja alichukua kaseti akaipeleka Ulaya, ikawafikia watu wa WOMAD, lile tamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake. Mwaka 1988 Super Matimila wakaitwa kwenda kupiga huko, na nyimbo zilizorekodiwa Tanzania zikatolewa katika sahani iliyobeba jina la “Nalilia Mwana”. Mwaka uliofuata wakarekodi “Songs for the Poor Man” katika studio kubwa ya Uingereza. Ni kazi safi, siikatai. Lakini kwangu ile ya kaseti inashinda. Imejaa vumbi, na inaniamini zaidi.

Kaseti ikafungua mlango huo wote! Na nyumbani, alipoimba kuhusu kondomu katika “Mambo kwa Soksi”, redio ilikataa kuupiga. Watu wakausikia hata hivyo.

Narudi kwenye likelemba. Mwanaume mzima amesimama mbele ya bendi yake, analilia mtoto, na gitaa zinalia naye. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayemwambia, “Umejaribu kwa mganga yule?” wala “Na bwana yako anasema nini?” Kwetu, nikifungua kinywa tu, shauri lishatoka. Wamama, ninawapenda, lakini mnashauri haraka sana. Siku ile hamkusema kitu, na ninajua ni kwa sababu ya makelele ya bafle, lakini nilipumzika.

Nilimwomba kijana anitumie wimbo kwa simu.

Siku ya Mungu mama mkwe alikuja. Tangu mwaka jana tunaongea kwa salamu tu, tangu alipomwambia bwana yangu neno ambalo sitaliandika hapa. Nilikuwa jikoni naosha isambaza, simu iko dirishani, wimbo unaendelea. Alikaa kwenye kibao akaanza kuchagua maharagwe bila kuombwa. Wimbo ulipogeuka, mkono wake ulisimama.

“Ni nani huyu?”

“Ni mtu wa Kindu, mama.”

“Angali mzima?”

“Hapana. Alifariki Dar es Salaam, Desemba 2010.”

Alinyamaza mpaka gitaa zikaisha. Kisha akasema, “Mimi pia nilikaa miaka sita kabla ya bwana yako. Hakuna aliyeniuliza nalala namna gani.” Akasukuma sahani ya maharagwe upande wangu, akasema nirudishe wimbo mwanzo.