Tumechoka Kupigiana Kura

Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la waandishi wa chuo chetu. Kazi hii sikuiomba. Aliyekuwa nayo alihitimu, akaniachia watu 140 na maneno mawili: "Endeleza mashindano." Nikaendeleza. Ndani ya mwaka mmoja niliendesha mashindano saba ambayo, nikiyatazama sasa, yalikuwa shindano moja lililobadilishwa tarehe: mada, siku saba za kutuma kazi, siku mbili za kura, vocha ya shilingi 5,000 kwa mshindi. Mada zenyewe mnazijua. Mama, mapenzi, maisha ya chuo, halafu mapenzi tena kwa sababu Februari ilikuwa imefika.

Shindano la kwanza tulipata kazi 31. La saba tulipata nne, na moja kati ya hizo niliiandika mimi nikaituma kwa simu ya rumeti wangu ili tusiaibike.

Watu wakasema tatizo ni zawadi. "Admini, elfu tano siku hizi inaisha na bando, nani akeshe kwa hiyo?" Bumu lilipoingia nikapandisha zawadi hadi 15,000 kutoka mfukoni mwangu. Kazi ziliongezeka kidogo, ugomvi ukaongezeka sana. Jamaa mmoja aliwaleta wanakwaya wenzake kama ishirini siku ya kura, wakampigia, wakatoka. Kesho yake hakuna aliyekumbuka hata mstari mmoja wa shairi lake. Nikaona dawa ni kufuta kura na kuamua mwenyewe. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Kwenye shindano hilo la nane, dada mmoja wa mwaka wa pili alituma shairi la beti sita. Vina vimekaa, mizani haipungui wala haizidi, na ndani yake maneno kama "aushi", "ela" na "mja". Mimi nimekulia bara, sijawahi kukaa na mtu wa rika langu anayeongea hivyo. Na wakati huo kila ukiingia darasani unasikia malalamiko kuhusu kazi zinazoandikwa na akili mnemba. Nikaandika kwenye kundi, mbele ya watu wote: "Tusiletewe kazi za mashine hapa. Hili nimeliondoa." Sikumuuliza kwanza. Hata inboksi sikumfuata.

Alijibu mara moja tu: "Mimi ni mtu wa Pemba. Hayo ni maneno ya bibi yangu." Kisha akajitoa kwenye kundi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kujua. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015, upande wa ushairi, ilikwenda kwa Mohammed Ghassani kwa diwani yake N'na Kwetu, na jina lenyewe la kitabu limebeba lafudhi ya Visiwani. Nilikitaja kitabu hicho kwenye kazi ya darasani nikapata alama nzuri. Kwa hiyo Kiswahili kile kikiwa kwenye jalada nilikiita fasihi, kikiletwa na mwanafunzi mwenzangu nikakiita mashine. Nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi. Tiki mbili za bluu, kimya.

Mwezi wa saba nikaenda mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule moja ya sekondari huku Mshangano, Manispaa ya Songea. Wanaoijua Songea wanajua baridi ya mwezi huo: unaingia kipindi cha kwanza na koti, chaki inateleza vidoleni. Kiswahili Kidato cha Pili ndiyo ilikuwa yangu. Wiki ya kwanza nikawapa kazi kama ninavyowapa watu wa kundini: andikeni shairi kuhusu mazingira, atakayeshinda nampa kalamu na daftari. Darasa lina wanafunzi 52. Walioleta ni sita, na mashairi yote sita yalianza na "Enyi wanadamu".

Wiki iliyofuata tulikuwa na ngonjera. Nikaligawa darasa pande mbili, mkulima wa mahindi na dereva wa bodaboda, wabishane nani anamlisha mwenzake. Sikutaja zawadi. Binti mmoja wa mbele akasimama na ubeti wake: bodaboda anakula jasho la mkulima, na gunia la mbolea analisafirisha kwa bei ya kuchinja. Darasa likacheka. Nyuma kabisa kuna kijana ambaye kwa siku kumi hakuwahi kunyoosha mkono. Akasimama bila kuitwa. Kaka yake anaendesha bodaboda. Ubeti wake ulipinda vina, lakini ulijibu kila kitu alichosema yule binti, mpaka na bei. Kengele ililia, wakaendelea kujibizana koridoni. Kesho yake nikapewa karatasi 38.

Nilirudi chumbani nikijiuliza kwa nini. Kijana yule hakutaka daftari. Alikuwa ameguswa, akataka kujibu, basi.

Na hili si geni kwetu. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambako washairi waliulizana na kujibizana toleo kwa toleo. Tulifundishwa pia kuhusu Mathias Mnyampala na ngonjera zake, jinsi zilivyoingia mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mimi nilivisoma hivyo vyote kwa ajili ya mtihani, nikaviacha kwenye chumba cha mtihani. Nikaenda kuiga kitu kingine: tuzo kubwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, inapokea miswada, ina majaji, na mshindi anapata pesa ya maana na kitabu kuchapwa. Kwa mswada uliokamilika huo ndio utaratibu wake, na natamani siku moja nipeleke wangu. Lakini kundi la watu wanaojifunza halihitaji tuzo ndogo ya taifa yenye vocha ya elfu tano. Linahitaji sababu ya mtu kuandika leo, na ya mwenzake kusoma mpaka mstari wa mwisho.

Mama mwenye nyumba wangu ni mtu wa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Jioni moja tukipukuchua mahindi nikamweleza mambo yangu ya kundi. Akacheka. Akaniambia walipokuwa wasichana, kikundi cha mganda cha kijiji kimoja kikialikwa kijiji kingine, wenyeji ndio waliopika na kulaza wageni, na kijiji kilisemwa kwa namna kilivyopokea watu kabla ya kusemwa kwa ngoma. "Sasa wewe mwanangu," akasema, "unaita watu wacheze, halafu unakaa kwenye kiti unawahesabia makosa. Nani atakuja tena?" Nikaendelea kupukuchua.

Usiku huo niliandika kanuni mpya. Naziweka hapa kwa sababu najua vyuo vingine vina makundi kama letu, na nayo yanalala.

Kwanza, kila shindano linaanza na kazi ya mtu, si mada. Mwenyeji anatuma ubeti mmoja au aya moja, wengine wanamjibu. Pili, mwenyeji anabadilika kila wiki na wiki hiyo hashindani. Admini si mwenyeji wa kudumu. Tatu, kazi zinatumwa kwa mwenyeji, naye anazirusha kwenye kundi kwa namba bila majina. Wanakwaya hawatajua wampigie nani. Nne, kabla hujachagua kazi uliyoipenda, lazima uandike sentensi mbili kuhusu kazi za watu wawili. Tano, zawadi ya mshindi ni kuwa mwenyeji wa wiki inayofuata. Sita, admini akishuku kazi ya mtu, anamuuliza mwenyewe, faragha, kwa adabu.

Siwezi kusema kanuni hizi zinazuia akili mnemba. Mtu akitaka kudanganya atadanganya. Lakini ni kazi kidogo kuiagiza mashine imjibu mtu wa bweni lako kuhusu jambo alilolisema jana usiku, tena zawadi hakuna.

Mada nazo zimejileta zenyewe. Tumekuwa na wiki ya tangazo la dalali wa vyumba anayesema ukweli mtupu. Wiki ya kumwelekeza mgeni kutoka stendi hadi kwako bila kutaja jina la barabara hata moja. Wiki ya hadithi ya sauti isiyozidi dakika mbili, ambapo watu waliokuwa kimya tangu wajiunge walisimulia kuliko sisi tunaojiita waandishi. Wiki ya shairi lenye neno la kwenu ambalo wengine hatulijui, na mwandishi harusiwi kulieleza, tulikisie. Hii ya mwisho mnajua nilikuwa nafikiria nini.

Wiki ya kwanza mwenyeji nilikuwa mimi. Kabla ya kutuma ubeti niliandika kwenye kundi, hadharani kama nilivyomkosea, kwamba nilimdhulumu mwenzetu na shairi lile lilikuwa lake. Nikamwomba anayekaa naye bweni moja amwonyeshe. Siku tatu kimya. Siku ya nne yule mwenzake akatuma mstari mmoja, akasema kaagizwa:

Aliyefunga mlango, leo ndiye abishaye.

Nilihesabu mizani kwa vidole. Nane kwa nane. Nilihangaika siku mbili na beti nne za kumjibu, na sijawahi kuandika kitu kwa hofu kiasi kile. Sikujitetea humo ndani. Watu wawili walinikosoa vina vya ubeti wa tatu, na walikuwa na haki.

Alirudi kundini baada ya wiki mbili. Inboksi hajanijibu hadi leo, na simdai. Wiki hii mwenyeji ni yeye. Ametuma ubeti kuhusu mtu anayesubiri boti bandarini Mkoani na barua ambayo hajui aipeleke au aichane. Hadi jana usiku alikuwa amepokea majibu 26. Yangu imo humo, ina namba kama za wenzangu, na sijui ataionaje.