Vizazi vinne, meli moja: kutoka Himo hadi Bukoba kwa Ziwa Victoria

Mji wetu wa Himo umezaliwa na njia panda. Barabara ya Dar es Salaam inatujia kutoka upande wa Same na Mwanga, ya Taveta inaingia kupitia mpaka wa Holili, ya Marangu inapanda mlimani, na ya Moshi inaendelea hadi Arusha. Wageni wa kila taifa hupita hapa kwenda kuutazama Mlima Kilimanjaro, nasi huwauzia ndizi na maji ya chupa. Lakini ni nadra kuiona familia ya Himo yenyewe ikifunga mizigo kwenda kuitazama nchi. Safari zetu ni za misiba, harusi, na kuwapeleka watoto shule za bweni.

Likizo ya Desemba hii familia yetu imeazimia kusafiri pamoja, inshaAllah. Tutakuwa tisa: bibi mzaa mama, aliyepita umri wa miaka 75; mama; mimi na mke wangu; dada yangu na mumewe; na vijana wao watatu, mkubwa ana miaka 17 na mdogo 13. Vijana walitaka Zanzibar, kwa sababu ndiko walikokwenda wenzao wa shule. Bibi hakutaka popote ila Bukoba, aliko dada yake aliyeolewa na Mhaya miaka mingi iliyopita. Hawajaonana kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka huu dada huyo ameanza kuugua mara kwa mara. Kuunga udugu ni wajibu ambao simu haiumalizi. Basi tukakubaliana Bukoba. Vijana wakaafiki kwa sharti moja, kwamba twende kwa meli.

Hapo ndipo mpango ulipokwama. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo. Ilikuwa imejaza watu kuliko uwezo wake, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yake bibi, ambaye kwa desturi zetu ni mwanawe yeye pia. Maiti yake haikupatikana. Tangu siku hiyo bibi hajakanyaga chombo chochote cha majini, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018 alifunga redio akaingia chumbani. Vijana wetu hawakuwa wamezaliwa mwaka 1996. Kwao ziwa ni picha nzuri tu.

Nimewahi kusafiri kwa meli hiyo ya usiku, ndiyo maana familia ilinikabidhi mimi maandalizi. MV Victoria iliundwa Scotland, vipande vyake vikaletwa na kuunganishwa Kisumu, na ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2020 ilipewa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, na uwezo wake ni abiria 1,200. Ina vyumba vya kulala na ina viti. Kwa familia yenye mzee na mabinti, vyumba vina thamani ya kila shilingi: bibi atalala na mama pamoja na wajukuu wa kike, sisi wengine tutagawana. Nawasihi wasomaji wathibitishe siku ya safari katika ofisi ya bandari kabla ya kulipa nauli ya basi, kwani ratiba za meli hubadilika.

Ugumu wa kweli ni kufika Mwanza. Basi hupita Arusha, Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, mwendo unaowachosha hata vijana. Tumeamua kulala Singida usiku mmoja. Mji huo una maziwa mawili, Singidani na Kindai, una misikiti ya kutosha, na kuku wake wa kienyeji hawahitaji sifa zangu. Mgongo wa bibi utapumzika, na sisi tutafika Mwanza mchana badala ya usiku wa manane.

Kuhusu ibada, umbali huu unaruhusu kupunguza na kukusanya sala bila shaka yoyote. Tutasali Magharibi na Isha kwa pamoja nchi kavu kabla ya kupanda, ili melini ibaki Alfajiri peke yake. Anayeweza kusimama asimame; anayehofia kuanguka kwa kizunguzungu au mawimbi, akae. Kibla katika eneo hilo kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Lakini meli ikishatoka katika Ghuba ya Mwanza huelekea upande wa kaskazini magharibi, kwa hiyo anayedhani kwamba mbele ya meli ndiko kibla atakosea. Kiko mbele upande wa kulia. Kazi hiyo nimemkabidhi kijana wa miaka 17, na dira ya simu yake. Mdogo wake wa kike anashika daftari la matumizi. Ukatibu wa kamati ya msikiti umenionyesha kwamba kijana akikabidhiwa amana yenye uzito huacha kulalamika kuhusu mtandao, ambao katikati ya ziwa hupotea kabisa.

Na ziwa lenyewe? Lina kilometa za mraba zipatazo 68,000, na kwa muda mrefu wa safari hutaona ng'ambo. Niliwaambia vijana jambo lililowashangaza: kina chake kikubwa ni takriban mita 80 tu, ilhali Ziwa Chala, hapa jirani na kwetu, lina kina kinachopita mita 90. Asubuhi, mbele ya Bukoba, kisiwa cha Musira hutokeza kama jabali lililoachwa majini, na nyuma yake mji uliozungukwa na migomba. Mtu wa Kilimanjaro hujihisi yuko nyumbani, kisha hugundua tofauti. Ndizi ni za kupika kama zetu, lakini kahawa yao kwa sehemu kubwa ni robusta, na mgeni hupewa buni iliyochemshwa na kukaushwa aitafune, si ainywe. Desemba mara nyingi ni msimu wa senene pia. Wajukuu wameshaniuliza hukumu yake. Senene ni wa jamii ya nzige, na nzige ni halali, basi asiyetaka asisingizie dini.

Kuogelea ufukweni nimekataza, kwa kuwa ziwa hilo lina kichocho. Neti, masweta na makoti ya mvua yameandikwa kwenye orodha. Fedha tunachanga kila mwezi tangu Rajabu, kaya kwa kaya, bila mkopo. Ada za Januari zimewekwa kando kwanza.

Bibi sikumshurutisha. Nilimweleza kwamba kurudi tutakuja kwa barabara, tukivuka Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa kilometa 3 hivi, na kwamba akitaka hata kwenda twende kwa njia hiyo. Akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, aliita kikao. Alitaka tupitie kwanza Igoma, Mwanza, penye makaburi ya waliokufa mwaka 1996, awaombee dua. Alitaka kujua kama abiria huhesabiwa kabla meli haijang'oa nanga, na kama watoto wataonyeshwa zilipo jaketi za kuokolea. Iwapo watu watazidi, tutashuka, hata kama nauli imelipwa. Nimeahidi mbele ya wote.

Sasa jioni anawafundisha wajukuu dua ya Nabii Nuhu (a.s.) ya kupanda safina, iliyomo katika Suratu Hud, na anawasahihisha matamshi. Wiki iliyopita alinituma Marangu nimletee kilo 2 za kahawa ya kukaanga, akasisitiza zifungwe vizuri zisipate unyevu, kwani dada yake hajanywa kahawa ya mlimani tangu alipoolewa.