Utepe wa zambarau

Najua nimeadimika. Kuna walionitumia ujumbe wakiuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, na mitihani nimemaliza salama (sapu moja naisikia inanukia, lakini tusubiri matokeo). Kilichonipoteza ni sendofu ya dada, Septemba 2025, na kilichonipoteza ndani ya sendofu ni rangi.

Si mnajua mambo ya sherehe za kwetu. Kabla ukumbi haujatafutwa, kabla hata kamati haijakaa, rangi imeshapangwa. Ya kwetu ilikuwa damu ya mzee. Aliipanga shangazi. Na shangazi alikuwa na sababu ambayo hakuna mtu angeweza kuipinga: ndiyo rangi ya kanga aliyovaa mama kwenye picha ya 1985, picha pekee ya rangi tuliyonayo ya baba na mama wakiwa vijana, Tanga. Baba alifariki 2011, nikiwa darasa la pili. Kwa hiyo sare ya damu ya mzee ilikuwa namna ya kumweka baba ukumbini. Nani atabisha?

Mimi kitinda mimba, sina hela (bumu mnalijua wenyewe), nikajitolea kutengeneza albamu. Siyo ya gundi na mkasi, ya kwenye kompyuta: kurasa za mraba, inchi 12 kwa 12, zenye picha zilizopambwa kwa tepe, maua, fremu, vifungo, halafu unachapisha. Mapambo yapo mengi ya bure mtandaoni. Tatizo ni kwamba wengi wanaoyatengeneza wako Marekani na Ulaya, basi utakuta maboga, theluji, na Krismasi bila mwisho. Nikapata seti moja nzuri sana ya Krismasi. Utepe wa kijani, mawaridi mekundu yenye majani, fremu nyeupe. Nikasema nitaibadilisha rangi, kazi ya nusu saa.

Nusu saa! Ilinichukua siku nne, kwenye laptopu ya mwenzangu wa chumbani, tena usiku, maana mchana anaitumia yeye.

Natumia GIMP. Ni ya bure, na ninaipenda zaidi kwa sababu ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa chuo cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wanafunzi kama sisi. (Sisi tunadesa tu.)

Sasa kwa wale wanaoniulizaga. Kompyuta inazipanga rangi kwenye duara la digrii 360. Nyekundu iko sifuri, kijani iko 120, bluu 240, halafu unarudi kwenye nyekundu. Ukifungua menyu ya Colors, ukaingia Hue-Saturation, unalizungusha lile duara. Utepe wa kijani ukizungushwa digrii 120 kurudi nyuma unakuwa mwekundu, na mikunjo na vivuli vyake vinabaki palepale. Ukipunguza mwanga, wekundu unazama, na hiyo ndiyo damu ya mzee yenyewe. Waridi lilinisumbua kwanza, kwa sababu nikizungusha ua, majani nayo yanaenda. Mpaka nilipogundua kwamba dirisha lilelile lina vitufe sita vya rangi: unachagua nyekundu peke yake, majani hayaguswi. Ile fremu nyeupe ndo iligoma kabisa. Nikazungusha mpaka mwisho, nyeupe pe! Nyeupe haina rangi ya kuzungushwa, ni kama kumwambia mtu aliyesimama akate kona. Dawa yake ni kuweka leya nyingine juu, unaijaza rangi unayotaka, halafu unaipa hali ya Multiply. Kazi ya kwanza yote niliihifadhi kwa JPG, na kila utepe ukarudi na kiboksi cheupe nyuma yake, kama umebandikwa na mtoto. Tumieni PNG. JPG haijui uwazi ni nini.

Haya. Kurasa kumi na mbili tayari, damu ya mzee tupu. Nikarudi nyumbani wiki moja kabla ya shughuli nikiwa na flashi shingoni kama medali.

Ukurasa wa baba nilikuwa nimeuacha wa mwisho. Nilitaka rangi ya utepe ifanane na ile kanga kabisa, siyo kukisia. Nilikuwa nimeipiga picha ile picha kwa simu, nikachukua rangi ya kanga kwa kile kialama cha dripu: digrii 357. Nyekundu ya giza, sawa na sare. Lakini nikaona kitu. Mashati ya kina baba nyuma yao, ambayo bila shaka yalikuwa meupe, nayo yana wekundu. Anga ni ya pinki. Ngozi ya baba ni kama matofali. Picha nyingi za rangi za miaka ile zina ugonjwa huu: zimetengenezwa kwa rangi tatu zilizolala pamoja, na ile ya bluu-kijani ndiyo inayotangulia kufa, hata ikiwa imefungiwa sandukuni. Inayobaki ni wekundu. Kwa hiyo hiyo 357 ni rangi ya picha. Haisemi kitu kuhusu kanga.

Nikamwomba mama kanga yenyewe. Imebaki moja. Mwenzake kwenye ile doti ilibebea watoto wanne mpaka ikaisha. Akaitoa chini kabisa ya begi. Jamani, imekuwa ugoro. Jua la miaka arobaini na sabuni za miaka arobaini. Jina lake bado unaweza kulisoma ukilazimisha macho, lakini mama amenikataza kuliandika hapa, anasema lilikuwa la jirani fulani.

Nikaigeuza geuza. Halafu kwenye mkunjo ule alioshona fundi cherehani pembeni, uzi ulikuwa umeachia kama urefu wa kidole. Nikaufungua kidogo. Ndani, mahali ambapo jua halijawahi kuingia, kulikuwa na zambarau. Zambarau kali, kama tunda lenyewe.

Nilikaa pale chini kama mjinga. Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa wameshashona damu ya mzee.

Nikaipiga picha ile sehemu kivulini, na karatasi nyeupe pembeni ili simu isinidanganye. Digrii 283. Usiku ule nikatengeneza ukurasa wa baba upya: utepe kutoka kijani mbele digrii 163, mawaridi kutoka nyekundu nyuma 77, fremu kwa Multiply. GIMP toleo la 3.0, la Machi 2025, inakuacha urudi kurekebisha ulichofanya bila kuanza moja, la sivyo ningelia. Na nilirudi mara nyingi, kwa sababu zambarau ya kwenye kioo siyo zambarau ya wino. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inarudisha tu. Kipande cha kwanza nilichochapisha mjini kilitoka kimezimika, kimeelekea bluu, kama wino wa muhuri. Nikaongeza wekundu kidogo, nikachapisha kipande kingine ukubwa wa kiganja, nikakiweka kando ya ule mkunjo. Cha tatu ndo kikakubali. Chapeni kipande kwanza, msije mkatupa hela.

Nilichoogopa ni shangazi. Kumi na mbili damu ya mzee, mmoja zambarau: ataona tu. Na nikimwambia sababu, nitakuwa nimemwambia mbele ya ukoo kwamba sare yake imefuata ugonjwa wa karatasi. Na yeye ni dada yake baba. Kumbukumbu ile ni yake kuliko yangu. Mimi baba namkumbuka kwa sauti ya funguo mlangoni, basi.

Nikampelekea mama kwanza, jikoni, alfajiri. Akafunua taratibu. Alipofika kwenye ukurasa ule akaweka kidole juu ya utepe, akakaa kimya mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Nikamwambia, "Mama, nimeona kwenye mkunjo. Haikuwa damu ya mzee."

Akasema, "Najua, mwanangu. Ni mimi niliyevaa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Shangazi yako alikuwa ameshalipia vitambaa. Na alikuwa na furaha."

Ukumbini albamu ilizunguka meza zote. Shangazi alipofika kwenye ukurasa ule alisimama kidogo, akanitazama juu ya miwani, akafunua unaofuata. Hajaniuliza mpaka leo, na mimi sijamwambia.

Haya wadau, umeme una dalili za kukatika na laptopu siyo yangu. Wenye kutaka ule utepe wa zambarau, msiniombe, masharti ya mtengenezaji yanakataza kuugawa. Pakueni ule wa kijani wenyewe muuzungushe, 163.