Mshororo Ambao Haupo

Marehemu baba yangu alituachia daftari moja la mashairi. Ni daftari la kawaida la shule, na kwa miaka mingi lilikaa darini juu ya jiko la nyumba yetu ya zamani karibu na Usa River, chini ya Mlima Meru, ambako mvua za masika na moshi wa kuni vililitenda vilivyotaka. Ndani yake mna beti 146, zote tarbia, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane. Baba alikuwa mfuasi wa Sheikh Kaluta Amri Abedi, na kitabu chake cha *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954, alikitunza kama hati ya shamba. Leo vijana wa Arusha huingia katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kutazama mpira, na wengi hawajui kwamba jina lile ni la mshairi. Baba hakukosa kuwaambia.

Nilipoanza kulinakili daftari hilo, nilikuta mishororo 37 haisomeki au haipo kabisa. Mingine ilikuwa imeliwa na unyevu, na mingine imepotea pamoja na pembe za karatasi. Nami ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu, mwenye kujua vina na mizani, tena mwana wa mtunzi mwenyewe. Nikaijaza. Sikumwambia mtu.

Siri hiyo ilifichuliwa na programu ya kompyuta, na haikuwa kwa njia niliyoitarajia.

Binti wa kaka yangu anasoma mambo ya kompyuta. Alikuja kunitembelea Ngaramtoni likizo ya Julai, wakati ule wa baridi ambapo Meru hukaa siku nzima ndani ya wingu. Akanikuta nikihesabu mizani kwa vidole. "Shangazi," akasema, "kazi hiyo tungeiandikia programu." Nikamjibu kwamba mimi na mashine hatujuani. Akacheka, akafungua kompyuta yake, akaniambia nitajifunza lugha iitwayo OCaml, iliyozaliwa Ufaransa mwaka 1996. Ukoo wake unarudi hadi ML, lugha iliyoasisiwa na Robin Milner na wenzake huko Edinburgh katika miaka ya 1970. Katika mtindo huu, alieleza, kazi hufanywa na funksheni. Funksheni hupokea kitu na kurudisha kitu kingine, na kile ilichokipokea hukiacha kama kilivyokuwa. Maneno hayo ya mwisho yalinichoma kidogo, lakini nilijifanya sikuyasikia.

Tulianza na orodha. Orodha ni moja kati ya vitu viwili tu: ama ni tupu, ama ina kichwa na mkia, na huo mkia nao ni orodha. Nilimwomba arudie, kisha nikatambua kwamba jambo hilo nimelifanya maisha yangu yote. Msomaji wa shairi hushika mshororo ulio mbele yake, akauacha uliobaki usubiri. Akimaliza, uliofuata huwa ndio kichwa. Huendelea hivyo mpaka pasibaki kitu, naye hunyamaza. Ubeti wa tarbia ni kichwa kimoja na mkia wa mishororo mitatu. Kituo, ambacho sisi hukihesabu kuwa mshororo wa mwisho, ni kichwa ambacho mkia wake ni mtupu.

Kisha tukafika kwenye kulinganisha maumbo. Hapa mtu hamwambii kompyuta hatua za kufuata. Humwekea maumbo yanayowezekana, na mbele ya kila umbo huandika jibu lake. Mshairi hawezi kuwa mgeni wa jambo hili, kwa kuwa ngeli zetu ndivyo zifanyavyo kazi: sikio hupokea umbo la nomino, na kitenzi kikajibu kwa upatanisho wake.

Kuhesabu mizani kulitufundisha mpaka wa maumbo. Irabu ni rahisi, kila moja ni mizani. Taabu ni ile *m* isiyofuatwa na irabu. Katika *mlima* inajitegemea, tunahesabu tatu. Katika *mbuzi* imeshikana na *b*, tunahesabu mbili. Basi tuseme nini juu ya neno *mbichi*? Katika *mti mbichi*, *m* ni kiambishi cha ngeli ya mti, na mizani ni tatu. Katika *ndizi mbichi*, sauti zimeungana, na mizani ni mbili. Herufi ni zilezile, na umbo la neno peke yake halisemi ni lipi. Nilitaka tukisie. Binti akakataa. "Funksheni ikiwa haijui, shangazi, na iseme haijui."

Ndipo akanifundisha opsheni. Ni thamani yenye sura mbili: ama kitu kipo, nacho kimefungwa ndani yake, ama hakipo. Aitumiaye hawezi kukifikia kitu hicho bila kwanza kujibu swali la pili: na kama hakipo, utafanya nini? Akanisimulia habari ya Tony Hoare, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwaka 1965 aliingiza katika lugha moja ya programu alama ya utupu iliyoweza kukaa mahali pa kitu chochote bila kujulisha mtu. Programu zikaichukulia kuwa kitu, zikaanguka. Mwaka 2009 mzee huyo alisimama mbele ya watu akaliita kosa lake, akalikadiria kuwa limegharimu dola bilioni moja. Nilimhesabia: miaka 44.

Kwa ajili ya daftari, tuliunda opsheni yetu wenyewe. Tuliziita sura zake *Upo* na *Haupo*. Nilipomwuliza kwa nini *haupo* na si *hakipo*, alinitazama kwa mshangao. "Si mshororo, shangazi? Au umesahau ngeli?" Kisha nikaandika kwa mkono wangu funksheni ya kwanza, ya kuhesabu mishororo ya baba:

| [] -> 0
| Upo m :: mkia -> 1 + hesabu mkia

Yaani: orodha ikiwa tupu, jibu ni sifuri, kichwa kikiwa mshororo uliopo, hesabu mmoja, uendelee na mkia. Kompaila, ile programu inayoyakagua maandishi kabla hayajatumika, ikanionya kwamba kuna umbo sijalijibu. Haikuishia hapo, ilinionyesha na mfano wake: *Haupo :: _*.

"Ipuuze," nikasema. "Katika daftari hili hakuna *Haupo*."

"Hakuna hata mmoja? Daftari lililokaa darini?"

Niliangalia orodha niliyoinakili. Mishororo 584, na mbele ya kila mmoja nilikuwa nimeandika *Upo*. Hesabu ya mizani isingenikamata kamwe, kwani mishororo yangu 37 ilikuwa na mizani kamili na vina safi. Hila ya mjuzi haionekani kwa kipimo anachokijua. Kilichonikamata ni swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: ukiwa haupo, unasemaje?

Nikamwambia yote. Nikamwambia hata la ubeti nilioukariri siku ya kumbukumbu ya baba, ndugu wote wakiwa wamekaa chini ya migomba. Unaanza kwa mshororo wake mwenyewe:

*Mlima wetu wa Meru, wafunikwa na mawingu*

na kituo chake, kilichomtoa kaka yangu machozi, ni hiki:

*Hata tusipokuona, mlima tunakujua.*

Kituo hicho ni changu. Kwenye karatasi ya baba pana doa la maji. Na nilipokisoma tena mbele ya kompyuta niliona kwamba kilikuwa kikinitetea. Kilidai kwamba kisichoonekana tunakijua vilevile, na hivyo ndivyo nilivyojihalalishia kumsemea marehemu.

Binti hakunihukumu. Aliuliza tu swali la kazi: mishororo yote 37 imepotea kwa namna moja? Nikarudi kwenye daftari kwa macho mapya. Kiswahili chetu hakitosheki na utupu mmoja. Tunasema *hapana* kwa mahali dhahiri, *hakuna* kwa mahali pasipo mipaka, na *hamna* kwa ndani. Niliyekuwa nikiwafundisha watoto tofauti hiyo kwa miaka yote sikuwa nimeitumia kwa baba yangu. Mishororo 31 iliandikwa, kisha ikafutika. Lakini sita, katika shairi la mwisho, haikuandikwa kamwe: karatasi ni nzima, mistari ya daftari ni misafi, na wino unaishia katikati ya ubeti. Pale baba alisimama mwenyewe. Nami nilikuwa nimepita juu ya kusimama kwake kama mtu apitaye juu ya mkeka.

Tukaondoa *Haupo*, tukaweka sura mbili mahali pake: *Umefutika* na *Haukuandikwa*. Papo hapo kompaila ikatuonyesha kila mahali katika programu ambapo sasa tulidaiwa jibu jipya, pa kuhesabu, pa kupima na pa kuchapisha. Tulijibu moja moja hadi usiku. Palipofutika, ukurasa utaonyesha nukta kumi na sita, moja kwa kila mizani. Pasipoandikwa, utaachwa wazi. Neno *mbichi* linaletwa kwangu nilisome katika sentensi yake na kuamua. Mishororo yangu 37 nimeihamishia katika daftari langu, kwa jina langu, na baadhi yake ni mibaya kuliko nilivyodhani.

Asubuhi yake nilimpigia kaka simu. Nilimweleza kuhusu doa la maji na kuhusu kituo. Alinyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo siku ile nilimlilia nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu, na safari hii sikutunga.