Mama Yake Teh Anauza Nini?

Mara ya kwanza nilipomwona Teh akiitoa nafasi yake ya chuo kikuu, niliifunga laptopu kwa kishindo. Nilikaa kitandani nikiangalia ukuta, hasira zimenipanda utadhani kijana huyo alikuwa ametoa nafasi yangu mimi.

Wacha nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya wale ambao hawajaiona. I Told Sunset About You ni tamthilia ya mapenzi kutoka Thailand, ya mwaka 2020. Ina sehemu tano tu. Iliongozwa na Naruebet Kuno, ikatengenezwa na Nadao Bangkok na kuoneshwa LINE TV. Billkin anaigiza Teh, PP Krit anaigiza Oh-aew. Wavulana hawa walikuwa chanda na pete utotoni, wakakosana, na miaka ikapita bila hata salamu. Wanakutana tena wakiwa wanamaliza shule ya upili, kwenye tuisheni ya Kichina, kila mmoja akijiandaa kuingia chuo. Wote wawili wana ndoto moja: kusomea sanaa za mawasiliano na kuwa waigizaji. Teh anakijua Kichina, Oh-aew kinamshinda. Teh anajitolea kumfundisha. Vipande vya karatasi vyenye maneno ya Kichina vinazidi kuongezeka, na polepole maneno yenyewe yanaanza kusema mambo ambayo wao hawathubutu kuyasema.

Halafu matokeo yanatoka. Teh amepata nafasi, Oh-aew amekosa. Na Teh, bila kumwuliza mtu, anaiachilia nafasi yake ili imwangukie aliyefuata kwenye orodha. Aliyefuata ni Oh-aew.

Najua watazamaji wengi hapo walilia. Waliona upendo. Mimi niliona mtu anayechezea kitu.

Sababu ni rahisi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na sikuacha kwa ajili ya mapenzi wala kipaji. Salio la karo lilikua hadi jina langu likakosekana kwenye orodha ya wanaofanya mtihani. Nilijiambia nitarudi muhula ujao. Muhula ujao ukaja ukapita. Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala za mitandao, za kulipwa kwa neno, na kila mwezi hesabu ilikuwa ileile: ama kodi ya nyumba ama chuo. Chuo hakikushinda hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo unaponionyesha kijana mwenye nafasi mkononi, mwenye alama, mwenye kila kitu, akiiachilia kwa hiari, usitarajie nipige makofi. Nilimwona mjinga. Nilirudi kuitazama siku mbili baadaye kwa sababu tu bando la wiki lilikuwa linaisha usiku wa manane, na bando halilali.

Ilibidi niitazame mara ya pili ndipo nimwone mama yake Teh.

Kabla ya tamthilia hii, Phuket kwangu ilikuwa picha za matangazo: mchanga mweupe, maji ya buluu, mzungu amelala kwenye kiti. Hapa kuna Phuket nyingine. Kuna mji wa kale wenye nyumba za rangi zilizobanana, duka chini na makao juu, zilizojengwa enzi za migodi ya bati. Migodi hiyo ndiyo iliyowavuta Wachina wa Hokkien kutoka Fujian katika karne ya 19, wakaja wakakaa, wakaoa, wakazaa, wakaacha mapishi yao. Hata jina Oh-aew ni la kitu cha kula: kitindamlo cha Phuket, jeli yenye barafu iliyosagwa na maji ya sukari. Na mama yake Teh anauza tambi za Hokkien. Hebu fikiria, watoto wa mji huo wanakaa tuisheni kukariri Kichina ili wapate alama, lugha ambayo huenda mababu zao waliitumia kupatania bei.

Lakini nilikuwa nasema kuhusu mama. Mama yake Teh amewalea wavulana wawili kwa hizo tambi. Anapojua mwanawe ameitoa nafasi, anaumia vibaya sana. Na Teh hawezi kumweleza, kwa sababu maelezo yake ni jina la mvulana mwingine. Mara ya kwanza nilikuwa nimekasirika sana hata sikumwona mama huyo. Mara ya pili nilisimamisha picha usoni pake. Nilimjua mtu huyo.

Mathe wangu anauza chapati na maharagwe karibu na steji ya matatu Nakuru. Anaamka saa kumi usiku. Nilipoingia chuo, wateja wake wote walijua, makanga walijua, hata mzee wa kuuza makaa alijua. Nilipotoka, hakujua mtu. Kwa mihula miwili sikumwambia. Kila Jumapili jioni alinitumia elfu moja mia tano, M-Pesa ikileta jina lake lote matatu kana kwamba ni mgeni, nami nikajibu: Asante Mama, Mungu akubariki. Halafu nikaenda dukani kununua unga. Nilipomwambia hatimaye, nilimwambia kwa simu, kwa sauti ya haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Alinyamaza. Akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo hatukuizungumzia tena, na Jumapili zikaendelea bila ujumbe.

Kumbe hasira yangu kwa Teh haikuwa kwa sababu ya nafasi. Ilikuwa kwamba alifanya nilichofanya: aliamua peke yake kuhusu kitu ambacho hakukijenga peke yake, halafu akaacha mtu mwingine akigundue baadaye.

Tamthilia hii niliitazama kwa spika za masikio, na sababu naijua. Thailand hadithi za wavulana wanaopendana ni biashara ya kawaida kwenye televisheni. Tangu Love Sick ya 2014 zimetengenezwa nyingi mno, na Januari 2025 sheria ya ndoa ya jinsia moja ikaanza kutumika huko. Hapa kwetu Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku mwaka 2018, mwaka uleule ilipooneshwa Cannes. Kwa hiyo mtu hujifunza kuitazama hadithi kama hii akiwa ameupa mlango mgongo. Siyo ati mtu atakukamata. Ni yale maswali tu.

Aprili iliyopita nilikuwa nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha, steji imejaa matope, mathe alifunga kibanda mapema. Nilikuwa kwenye kochi nikiirudia tamthilia kwa mara ya tatu, spika ya sikio la kushoto imekufa, nimeitoa ile nyingine kwa sababu inaniumiza. Akaja akaketi kando yangu na sinia ya maharagwe ya kuchambua.

"Hao ni Wachina?"

"Wathai."

"Mbona wanasoma Kichina?"

Nikamweleza mtihani. Akatikisa kichwa, mtihani anauelewa. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanapita mbio kwake, na miwani yake aliiacha kibandani, basi nikaanza kumsomea kwa Kiswahili. Jina la Kithai la tamthilia hii, kwa tafsiri ya moja kwa moja, ni "Tafsiri upendo wangu kwa moyo wako." Sikulifikiria usiku huo. Nilikuwa nahangaika tu na kazi ya kutafsiri haraka bila kuruka maneno, na kuna maneno niliyotaka sana kuyaruka.

"Huyo mama anauza nini?"

"Tambi. Kama spageti, lakini za kukaanga na nyama na vitu vya baharini."

"Sahani moja pesa ngapi?"

"Hawajasema, Mama."

Aliangalia sufuria za yule mama kwa makini kuliko alivyowaangalia waigizaji. Halafu, baada ya muda, akauliza swali nililokuwa nikilisubiri nikiwa nimekaza mabega.

"Hawa vijana wawili wanapendana?"

"Ndiyo."

Maharagwe yakaendelea kuanguka kwenye sinia, moja moja.

"Na mama yake anajua?"

"Bado."

"Aya." Basi, hakuongeza lingine. Sijui alimaanisha nini, na sikumwuliza. Nilitarajia maombi au mahubiri, lakini yeye tangu mwanzo alikuwa anafuata hadithi ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa jikoni.

Tukafika pale nafasi inapoachiliwa. Nikatafsiri. Tukafika pale mama anapojua. Hapo sauti yangu ilikuwa inakwama, kwa hiyo nikawa nasoma sentensi nusu nusu. Mathe aliacha kuchambua.

"Hakumwambia kwanza?"

"Hakumwambia."

"Hata usiku mmoja kabla?"

"Hata."

"Basi hicho ndicho kinamliza. Siyo chuo." Akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa dirishani. "Chuo kinaweza kukosekana. Mtu hukosa. Lakini mimi nikisimama pale steji nikisifu mtu, na huyo mtu anajua nasifu hewa, huko ni kunivua nguo mbele ya watu."

Alisema "mimi." Sote wawili tulilisikia.

Kuna kitu nilikijua kuhusu Kithai kutokana na kutazama tamthilia nyingi: wanapotaka kujuana hali, huulizana kama wameshakula, na neno lenyewe ni kula wali, hata kama chakula si wali. Swali hilo hulisikia mara nyingi, mama kwa mtoto, mpenzi kwa mpenzi, na maandishi ya Kiingereza hulipunguza kuwa swali la kawaida tu la mlo. Nilikuwa nalifikiria hilo bila sababu, wakati mdomo wangu ulipofunguka wenyewe.

"Mama, ile pesa ya Jumapili."

"Ipi?"

"Ile ulikuwa unatuma. Wakati sikuwa chuo."

Hakunitazama. Alitazama skrini, ambako picha ilikuwa imesimama kwa sababu nilikuwa nimebonyeza bila kujua.

"Niliandika ni ya nini?"

Alikuwa akiniandikia ujumbe kila baada ya kutuma. Neno moja.

"Ya chakula."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Basi."

Akarudia maharagwe yake. Mimi nikabaki nikifuta macho kwa mkono wa sweta kama mtoto. Baadaye niligundua kwamba mwaka 2024 Billkin huyuhuyu aliigiza M kwenye filamu ya How to Make Millions Before Grandma Dies, kijana aliyeacha chuo na kuhamia kwa bibi yake mgonjwa akinyemelea urithi. Nilicheka. Naona mtu huyu hatachoka kunifuatafuata.

Bado nadhani Teh alikosea. Sitaki tusemezane vibaya na mashabiki wake, ni wengi na wana bando. Zawadi aliyompa Oh-aew ilitoka kwenye mfuko wa watu watatu, na wawili hawakuulizwa. Nafikiri tamthilia yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana haimwachi aende zake kama shujaa. Inamwacha alie. Inamlazimisha kumkabili Tarn, msichana aliyemuumiza njiani, na katika kuvunjika kwake kukubwa anayemshika si mpenzi bali kaka yake, Hoon. Tamthilia nyingi za mapenzi hukutana na familia mlangoni tu, ikija kuzuia harusi. Hii inaijua familia kama watu waliokuwa wakilipa.

Sehemu ya tano tuliianza saa nne usiku. Mathe alishaloweka maharagwe ya kesho na kuwasha taa ya sebuleni, kitu asichofanya saa hiyo kwa sababu ya tokeni.

"Huyu kijana," akasema, "alipata chuo kingine?"

"Alipata, mwishowe."

"Vizuri." Akajifunika leso miguuni. "Endelea kusoma. Usiruke."