Betri Ilipozima Doldol

Kama hujawahi kufika Doldol, hebu nikupeleke. Ukitoka Nanyuki unashika njia ya kaskazini, Mlima Kenya unabaki mgongoni, na kadiri unavyosonga ndivyo ubaridi unavyopungua na miiba kuongezeka. Huko ndiko kwa wakwe zangu.

Mwaka 2014 niliwatembelea nikiwa na kamera mpya kifuani. Niliinunua Nairobi kwa shilingi 9,000, na lililonivutia ni karatasi iliyobandikwa ubavuni: megapikseli 16. Habari za betri sikuuliza. Kipya kinyemi, ati!

Babu ya mke wangu alitoka kwa Wayaaku, wale waliokuwa wawindaji na warina asali wa msitu wa Mukogodo kabla ya kushika ufugaji na lugha ya Kimaasai. Mzee huyu hakupenda picha. Nilimbembeleza siku mbili, akakataa. Siku ya tatu asubuhi akaniita mwenyewe.

"Mkwe, leo nipige. Lakini ngoja nivae."

Akaingia ndani, akakawia sana. Alipotoka alikuwa amejitanda shuka nyekundu, fimbo mkononi, na begani mfuko wa ngozi aliokuwa akitilia asali enzi za ujana wake. Akaketi juu ya kigoda, akanyoosha shingo. Nikabonyeza. Kamera ikatoa pua yake nje, ikairudisha ndani, ikazima. Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimewaonyesha watoto picha kwenye kioo cha nyuma mpaka wakalala! Bomani hapakuwa na umeme, na simu yangu nilikuwa nimeiacha sokoni ichajiwe.

"Imekataa?"

"Imeishiwa nguvu, babu."

"Basi utarudi."

Sikurudi upesi. Mzee alifariki mwaka uliofuata, na picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka macho yakawa madoadoa.

Tangu hapo, nikiingia duka la kamera, swali langu la kwanza ni betri. Muuzaji atakwambia, "Inakaa siku nzima." Siku nzima ya nani? Mwombe hesabu ya picha. Watengenezaji wa Japani wana chama chao kiitwacho CIPA, na chama hicho kina kipimo cha kuhesabu picha zinazopigwa kwa betri moja iliyojaa, nusu yake zikipigwa kwa flashi. Kwa kipimo hicho, Nikon D3500 iliyotoka mwaka 2018 hupata picha 1,550. Canon EOS M50, ya mwaka huo huo, hupata 235. Zote mbili hutoa picha safi. Tofauti kubwa ni kwamba ya kwanza ina kioo ndani kinacholeta sura moja kwa moja kwenye jicho lako unapochungulia, na kazi hiyo haili umeme. Ya pili haina kioo hicho, kwa hiyo sharti skrini iwake muda wote unaolenga. Hiyo D3500 haitengenezwi tena, utaitafuta kwenye mitumba. Nami sioni aibu ya mitumba.

Ila mitumba ina macho yake. Fungua mlango wa betri uitoe. Ikiwa imevimba, shukuru, aga, uende zako. Ikiwa nzima, ijaze pale pale dukani, kisha upige picha hamsini hivi kwa flashi huku ukitazama alama ya betri. Ikishuka upesi, si lazima uikatae kamera. Punguza bei ununue betri nyingine. Hata hivyo betri ya pili ni ya lazima. Kamera ya bei nafuu yenye betri mbili naipenda kuliko ya ghali yenye moja.

Ziko pia kamera ndogo zinazotumia betri za kawaida, kama za tochi ndogo, ambazo hata kioski cha kijijini huziuza. Kwa safari za mbali hizo si za kudharau, mradi ununue zile za kuchajiwa. Zile za kutupa huisha haraka ndani ya kamera. Na tusilalamike kupita kiasi: kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikula betri 16, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuingia kwenye kaseti!

Utaniambia simu inatosha. Inatosha mjini. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo M-Pesa yako, ndiyo tochi, ndiyo redio, na kufika jioni mahali pasipo umeme itakuwa hoi. Na kama unapanda Mlima Kenya, betri yoyote iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa maana baridi huifanya ionekane imekwisha kumbe haijaisha.

Mwezi uliopita nilirudi Doldol na betri mbili zilizojaa. Nyanya alivaa shanga zake zote. Baada ya picha ya nne akauliza kama ya mzee nayo imo humo. Nikamwambia haimo. Akaniambia niendelee kupiga.

Nilizisafisha Nanyuki, nikampa dereva wa matatu ya Doldol bahasha ampelekee.